Taa ya hoteli: Yamulika sahani au yaumiza macho?

Msomaji mpenzi, hebu kumbuka mara ya mwisho ulipokula nje ya nyumbani. Bila shaka wakumbuka chakula, kama ugali ulikuwa moto na nyama ilikuwa laini. Bei nayo waikumbuka, hasa ikiwa ilikuuma. Lakini je, wakumbuka taa? Ilining'inia wapi, na ilikuwa ya rangi gani? Wengi wetu hatukumbuki, na hilo si ajabu. Taa nzuri ni kama mhudumu mzuri: hufanya kazi yake bila kujionyesha. Ile mbaya ndiyo haisahauliki.

Mimi ninayo moja ambayo sitaisahau. Jamaa zangu tuliamua kumpeleka mama yetu, ambaye amepita miaka sabini, akale katika mkahawa mmoja wenye sifa. Tulivaa nguo za Jumapili, naye akajifunga kitambaa chake kipya. Ndani tulikuta vitaa vidogo vyekundu vilivyofichwa darini na mshumaa mmoja katikati ya meza. Orodha ya vyakula ilikuwa karatasi nyeusi yenye maandishi ya rangi ya dhahabu, nasi tuliisoma kwa kurunzi ya simu. Mama akaagiza samaki mzima wa kukaanga, chakula akipendacho kuliko vyote. Samaki alipoletwa, mama alimgusa kwa kidole, akaisukuma sahani polepole.

"Mwanangu, samaki ana miiba, nami hata kichwa kilipo sikioni. Nitakunywa chai nyumbani."

Tulilipa bei kamili ya samaki ambaye hakuliwa. Tangu siku hiyo, kila niingiapo hotelini jicho langu huenda kwanza darini ndipo lishuke mezani. Nimegundua kwamba taa hueleza mengi kuhusu mwenye hoteli: humwambia mteja kama amekaribishwa, kama yafaa akae au aondoke, na mara nyingine kama chakula anachouziwa ni cha kuaminika.

Landless saa moja jioni

Katika nchi yetu iliyokaa juu ya Ikweta, giza huingia upesi. Ifikapo saa moja jioni, mwezi wowote wa mwaka, jua limekwisha tua. Chukua matatu mjini Thika ufuate barabara ya Garissa, upite Makongeni, na uingie mtaa wa Landless wakati huo. Utapishana na wafanyakazi wanaotoka viwandani, wanafunzi wa vyuo wenye mikoba mgongoni, kina mama wenye vikapu, na wale waliotoka Nairobi kupitia barabara kuu ya Thika, ambayo ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Jina la mtaa lasema watu wasio na ardhi, lakini nyumba za kupanga zimepanda juu, na chini yake milango ya biashara imefunguliwa.

Simama kando ya njia. Usisome ubao wowote, tazama taa tu, nawe utajua kila mlango wauza nini. Penye mwanga mweupe mkali wenye ubuluu, hapo pana chai, chapati na githeri. Penye balbu ya manjano inayowaka ndani ya kisanduku cha kioo, hapo ni chipsi, soseji na sambusa. Penye wekundu dirishani, hapo ni bucha, na nyuma yake jiko la nyama choma latoa moshi. Na penye mwanga wa zambarau na buluu unaobadilika-badilika, hapo vijana wamefungua mkahawa wa kisasa, wameweka dari ya jipsamu na kuficha nyaya za taa ndani yake.

Kila mmoja wa wafanyabiashara hawa ameweka akiba yake mlangoni pake. Wengine wamekopa chamani. Lakini wengi walipofika kwenye taa walinunua iliyokuwa karibu dukani, au waliiga jirani. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kutoka karabai hadi balbu ya leo

Wazee wetu hawakuwa na shida ya kuchagua. Kabla ya stima kufika vijijini, hoteli ilimulikwa kwa karabai iliyotundikwa kwenye boriti. Mwenye hoteli aliipampu, ikavuma kama nyuki, na mwanga wake ukaita wateja kutoka mbali. Aliyekosa karabai alitumia kandili au koroboi. Mwanga ulikuwa haba, lakini ulikuwa karibu na sahani, tena ulikuwa wa rangi ya moto, ambayo jicho la binadamu limeizoea tangu alipoanza kuota moto.

Pwani ya Afrika Mashariki ilitangulia kuona stima. Jumba la Beit al-Ajaib mjini Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza katika sehemu zetu kutiwa taa za umeme. Huku bara, Thika yenyewe ina sehemu yake katika historia hiyo. Katika miaka ya 1920, kampuni ya East African Power and Lighting, iliyoundwa mwaka 1922, ilijenga kituo cha Ndula kwenye Mto Thika ili maji yazalishe umeme. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Kenya Power and Lighting mwaka 1983.

Kwa miaka mingi balbu ilikuwa ya aina moja, ile yenye waya mwembamba unaowaka ndani ya kioo. Kisha ikaja tyubu ndefu, nyeupe, isiyokula stima nyingi, na hoteli karibu zote zikaitundika katikati ya dari. Sasa tyubu nayo yaaga. Ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu, na mwaka 2023 nchi zilizotia saini Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba utengenezaji wake na uuzaji wake kati ya nchi na nchi ukome kufikia mwisho wa mwaka 2027. Balbu za LED zimechukua nafasi. Hizi hazili stima nyingi, lakini zimeleta jambo jipya: ni lazima uchague rangi ya mwanga. Ukikosea, utaishi na kosa lako kwa miaka.

Rangi ya mwanga

Chukua paketi ya balbu uisome. Utaona nambari yenye herufi K mwishoni. Hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga, si cha nguvu yake. Mshumaa una kama 1900. Balbu ya zamani ina 2700. Kuanzia hapo hadi 3000 mwanga huwa wa manjano laini, na paketi huandikwa "Warm White". Ukifika 4000, mwanga ni mweupe wa kadiri. Ukifika 6500, ni mweupe wenye ubuluu, kama wa mchana wa mawingu, na paketi huandikwa "Daylight".

Katika maduka yetu mengi, balbu ya 6500 ndiyo huwa mbele. Wengi huinunua kwa kuwa yaonekana kali, wakidhani ukali ni ubora. Balbu hiyo yafaa karakana, na yafaa meza ya mshonaji. Lakini itundike juu ya sahani ya maharagwe, uone. Maharagwe huwa ya kijivujivu, chapati huonekana mbichi, na ngozi ya mtu hupauka kama ya mgonjwa. Wateja huketi, hula, huondoka. Si kwamba chakula ni kibaya, ila mwili wao wawaambia kwamba wako katika chumba cha kungojea daktari.

Nisieleweke vibaya. Ikiwa hoteli yako ni ya watu wa haraka, wanaokunywa chai kwa dakika kumi wakimbilie matatu, mwanga mweupe una faida: huamsha, na meza hupata nafasi upesi. Lakini ikiwa wataka familia zije jioni, watu wazungumze na kuagiza chai ya pili, balbu ya 3000 itakufanyia kazi ambayo muziki haitaiweza.

Kuna nambari nyingine ambayo wachache huitazama. Huandikwa CRI au Ra, nayo huonyesha jinsi mwanga unavyozitoa rangi kama zilivyo. Mia ni ukamilifu, na balbu ya zamani ilikuwa karibu na hapo. Usinunue yenye chini ya 80 kwa mahali pa kulia, na ukipata yenye 90 kwa bei unayoiweza, ichukue. Chini ya taa yenye nambari ndogo, nyanya hupoteza wekundu na sukuma wiki huwa kama majani makavu, hata zikiwa zimechumwa asubuhi hiyo.

Taa inayodanganya

Hapa, msomaji, ndipo taa inapoacha kuwa mapambo tu ikawa jambo la afya yako.

Anza na bucha. Mwanga mwekundu huifanya nyama ionekane mbichi na yenye damu hata kama imelala. Si kila mwenye balbu nyekundu ana nia mbaya. Wengine wameiga tu. Lakini wewe mnunuzi wataka kuona rangi halisi ya nyama, mafuta yake kama ni meupe au yamegeuka, na muhuri wa mkaguzi kama upo. Chini ya taa nyekundu huwezi kuyaona hayo sawasawa. Omba nyama itolewe kwenye mwanga mweupe, au uisogeze mlangoni kungali mchana. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Na wewe mwenye bucha, weka balbu nyeupe yenye CRI kubwa juu ya nyama yako, uwaachie wateja waamue. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nenda sasa kwenye kisanduku cha chipsi. Ile balbu ya manjano haikuwekwa pale kwa ajili ya mwanga. Balbu ya zamani hugeuza yapata asilimia 90 ya stima yake kuwa joto, na ndiyo sababu wachuuzi waliifanya jiko dogo la kuhifadhia chakula. Ulikuwa ujanja mzuri. Lakini siku hizi wengine wamebadilisha balbu hiyo kwa LED ili kupunguza gharama, bila kujua kwamba wameondoa jiko na kuacha picha yake. Chipsi zang'aa kama dhahabu, nazo ni baridi.

Tena hata ile ya zamani haitoshi kila mara. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kiwekwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kitakapoliwa, na kwamba kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kisanduku chenye mlango unaofunguliwa kila dakika huwa vuguvugu tu, na vuguvugu ndilo joto vijidudu vinalolipenda. Basi usinunue kwa macho. Uliza zilikaangwa saa ngapi, au ungoje zinazotoka kwenye mafuta. Mwanafunzi anayetegemea chipsi za jioni na hawezi kumudu siku mbili za kuharisha kabla ya mtihani, asidharau swali hilo.

Taa tatu za mahali pa kulia

Mtaalamu mmoja wa taa huko Marekani, Richard Kelly, alifundisha tangu mwaka 1952 kwamba mahali panahitaji mianga ya aina tatu. Wa kwanza ni mwanga wa jumla, unaokuwezesha kutembea bila kujikwaa. Wa pili ni mwanga wa kulenga, unaolivuta jicho mahali pamoja. Wa tatu ni mmeto, yaani vimulimuli vidogo vinavyoufurahisha moyo. Kelly ndiye aliyetia taa mkahawa wa Four Seasons jijini New York, uliofunguliwa mwaka 1959 na kusifiwa na wasanifu wa ulimwengu mzima.

Usiseme kwamba hayo ni ya matajiri. Kwanza, mafundi wa kale wa Lamu walichonga zidaka katika kuta za nyumba zao na kuzipaka chokaa nyeupe, hata chumba cha ndani kisicho na dirisha kikapata kina na weupe. Pili, hoteli ndogo ya Landless, yenye upana wa futi kumi na mbili na urefu wa futi ishirini, yaweza kuwa na mianga yote mitatu.

Mwanga wa jumla hauna haja ya kuwa mkali. Taa mbili zilizoelekezwa ukutani au darini zatosha, kwani ukuta mweupe hurudisha yapata asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Ndiyo maana rangi ya ukuta ni nusu ya taa. Hoteli zetu nyingi zina desturi nzuri: rangi ya mafuta iliyokolea kutoka sakafuni hadi begani, ili mikono na mchuzi vifutike, na rangi nyeupe au ya maziwa kutoka hapo kwenda juu. Aliyebuni desturi hiyo alijua kazi. Wanaopaka kuta zote rangi nyeusi au ya kahawa iliyokolea kwa kufuata mitindo hujikuta wakiongeza balbu kila mwezi na bado kuna giza, kwa sababu ukuta unaunywa mwanga wote.

Mwanga wa kulenga ndio wa mezani. Usitundike taa moja katikati ya chumba. Tundika moja juu ya kila meza, chini yake ikiwa sentimita 75 hadi 90 kutoka ubao wa meza. Hapo humulika sahani na mikono, na mwanga unaorudi kutoka mezani huwainulia watu nyuso zao. Taa iliyo juu kabisa darini hutia vivuli machoni na chini ya pua, hata mchumba wako akaonekana kama amekesha matangani. Lakini angalia: balbu isionekane kwa macho ya aliyeketi. Ifunike. Kifuniko chaweza kuwa kiondo kikuukuu, kibuyu kilichotobolewa, au sufuria ndogo ya alumini. Viondo na vibuyu vitumike kwa balbu za LED pekee, kwani balbu ya zamani ina moto wa kutosha kuviunguza.

Mmeto ndio wa bei rahisi zaidi. Birika la chai lililosuguliwa likang'aa, glasi zilizopangwa rafuni, kioo juu ya sinki la kunawia mikono. Kitaa kimoja kidogo kikivipiga hivyo, hoteli yote huchangamka. Kioo kikitundikwa mkabala wa dirisha huleta mwanga wa nje ndani bila malipo.

Ama kwa mkahawa wa zambarau na buluu, nina neno moja kwa vijana. Rangi hizo zinapendeza kwenye picha za simu, na picha huleta wateja. Zibakizeni darini na kwenye ukuta wa kupigia picha, lakini msizifikishe mezani. Chakula cha rangi ya buluu ni nadra sana duniani, na kuku aliyemulikwa buluu huonekana kama aliyeoza. Pia mweke taa safi kwenye ngazi, mlangoni na kwenye njia ya kwenda msalani. Msichana anayetoka kikazi usiku hutazama njia hiyo kabla ya kuamua kama atarudi siku nyingine. Hatawaambia sababu, ila hamtamwona tena.

Jua ni taa ya bure

Anayefungua hoteli leo na atazame kwanza mahali jua linapochomoza. Kwa kuwa Thika iko karibu sana na Ikweta, jua huchomoza mashariki na kutua magharibi bila kuhama sana mwaka mzima. Mlango unaotazama mashariki hupata mwanga mtamu wa chai ya asubuhi. Ule wa magharibi huchomwa kuanzia saa tisa alasiri, basi utahitaji kibaraza, pazia jepesi au mti.

Wenye hoteli ya Blue Post, iliyoanzishwa mwaka 1908 kando ya maporomoko ya Chania na Thika, hawakuhitaji kununua mwanga wa mchana. Kuna kijani kibichi na vivuli vya miti, na watu hukaa nje kwa saa nyingi. Wewe huna maporomoko, lakini waweza kuweka meza mbili barazani na miche miwili kwenye makopo.

Hesabu ya stima

Najua utauliza: gharama je? Tufanye hesabu. Tuseme una balbu sita za zamani za wati 60, na unaziwasha saa tano kila jioni. Hizo ni wati 360 kwa saa tano, yaani uniti 1.8 kwa siku na uniti 54 kwa mwezi wa siku thelathini. Balbu sita za LED za wati 9, ambazo hutoa mwanga karibu sawa, hutumia uniti 0.27 kwa siku, yaani takriban uniti 8 kwa mwezi. Umebakiza uniti 46. Zizidishe kwa bei unayonunulia tokeni uone mwenyewe.

Kabla ya kulipia balbu, iwashe dukani na uielekeze kamera ya simu. Ukiona mistari ikipita kwenye kioo cha simu, balbu hiyo yapepesa haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na huenda ikawaumiza wateja vichwa. Irudishe.

Mahali pamoja usibanie ni nyaya. Taa sita hazistahili kuning'inia kwenye waya mmoja wa kuunganisha uliopitishwa juu ya jiko. Muite fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, na aweke swichi mbili au tatu ili uweze kuwasha sehemu unayohitaji tu. Jikoni, kwenye kaunta na penye sinki, hapo weka mwanga mweupe mkali bila huruma, kwani uchafu hujificha gizani. Afisa wa afya atakapokuja, ataanzia huko.

Na stima ikipotea? Wakenya tulionja hayo mwezi Agosti mwaka 2023, taifa karibu zima lilipoingia gizani usiku mmoja. Weka taa mbili za kuchaji, moja juu ya jiko na nyingine mlangoni. Mshumaa karibu na mafuta ya kukaangia si jambo la kujaribu.

Kwako mteja

Wewe usiye na hoteli, nawe una kazi. Wataalamu wa macho husema kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea yapata theluthi moja tu ya mwanga unaofikia ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hivyo panapokutosha wewe, mzazi wako yuko katika giza. Ukimpeleka kula, mtafutie kiti chini ya taa au kando ya dirisha, tena asiketi akilitazama dirisha. Ukiona giza, mwite mhudumu umwombe kwa adabu aongeze mwanga. Si aibu. Wenye mikahawa hawajui tunachokosa mpaka tuseme.

Na nyumbani pia. Ile taa moja nyeupe ya katikati ya sebule, ambayo watoto hufanyia kazi za shule huku kivuli cha vichwa vyao kikiangukia vitabu, yaweza kubadilishwa Jumapili hii hii. Mwanafunzi anayeandika kwa mkono wa kulia awekewe taa upande wa kushoto, na wa kushoto awekewe kulia.

Nilimpeleka mama tena kula samaki. Safari hii hatukwenda penye sifa. Tuliingia hoteli moja ndogo ya Landless yenye meza nane na kuta za rangi ya maziwa, na juu ya kila meza balbu moja ya manjano ndani ya kifuniko cha bati. Hakukuwa na kitambaa mezani. Mama alimgeuza samaki wake, akamchambua mwiba kwa mwiba, akaipanga miiba pembeni mwa sahani kama anavyofanya nyumbani, mpaka pakabaki kichwa. Kisha akakila na kichwa chenyewe.

Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza. Tulipokuwa tukiondoka, mama alimshukuru mwenye hoteli kwa samaki. Mimi nilimshukuru kwa taa, naye akanitazama kwa mshangao, kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa hilo na mteja yeyote.